Nchi Isiyo na Bahari: Njia ya Mzigo Ilivyokuja Kuwa Njia Yetu



Juzi mdogo wetu mmoja alituuliza: kwa nini Bujumbura watu wanapanga foleni ya petroli siku nzima? Tukamjibu haraka kwamba fedha za kigeni zimekosekana. Ni kweli, hilo tusilifiche. Lakini mzee mmoja aliyekuwa anatusikiliza akacheka, akasema: "Nyie vijana, anzieni mbali. Burundi haina bahari." Basi leo tuanzie huko mbali.

Mlango wa kwanza ni hapa hapa Kigoma. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Kigoma mwaka 1914. Ni kama kilomita 1,250. Mzigo ukishuka kwenye treni unapakiwa melini, unapanda ziwa mpaka Usumbura, ndo Bujumbura ya leo.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoisha, Mwingereza akachukua Tanganyika, Mbelgiji akachukua Ruanda-Urundi. Mbelgiji akajikuta yuko ndani, na mlango uko kwa mwenzake. Mwaka 1921 wakapatana: Mbelgiji apewe sehemu yake bandarini Dar es Salaam na Kigoma, mzigo wake upite, na kodi iwe faranga moja kwa mwaka. Faranga moja! Hata enzi zile ilikuwa kama bure. Sehemu hizo ziliitwa Belbase. Tuone jambo hapo: tangu zamani, nchi isiyo na bahari inaishi kwa mapatano na majirani.

Baada ya uhuru wa 1962 malori yaliongezeka. Burundi ikawa na njia ya Tanzania na ile ya kaskazini, inayotoka Mombasa ikipita Uganda na Rwanda. Njia ni nyingi, lakini zote zinapita kwa mwenzako. Hata intaneti ni hivyo hivyo: nyaya za chini ya bahari zinatokea Dar es Salaam na Mombasa, ndipo zinavuka mipaka kutufikia.

Je, mlango ukifungwa? Hilo wazazi wetu waliliona. Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alichukua madaraka kwa mapinduzi. Majirani wakakutana Arusha, wakaiwekea Burundi vikwazo. Reli, barabara na ziwa vikafungwa kwa biashara. Nia ilikuwa kuwabana wakubwa wakae mezani. Mwaka 1997 vikwazo vililegezwa kidogo, na vikaondolewa Januari 1999.

Mama mmoja jirani yetu kambini alikuwa anaishi Buyenzi miaka hiyo. Anasema petroli iliuzwa kwenye chupa pembeni ya barabara, na bei ya asubuhi siyo ya jioni. Wenye magendo walinenepa. Mkulima wa kahawa hakuwa na pa kupitishia kahawa yake. Yaani mlango ulifungwa kwa ajili ya mkubwa, lakini aliyebaki nje kwenye mvua ni mdogo. Wapo wanaosema vikwazo vilisaidia mazungumzo. Huenda. Ila yule mama hakuulizwa.

Sasa tufike kwetu. Mwaka 2015 tuliokimbilia kusini tulijikuta Kagunga, kijiji cha wavuvi upande wa Tanzania. Mbele ziwa, nyuma milima mikali, barabara hakuna. Watu maelfu kwa maelfu tulilala ufukweni. Kipindupindu kikaingia, tukazika watu pale. Kilichotutoa ni meli, MV Liemba. Tulipelekwa kwa mitumbwi hadi ilipokuwa imesimama, tukapandishwa, tukashushwa Kigoma, kisha mabasi yakatuleta kambini.

Wengi wetu hatukujua tumepanda nini. Kumbe Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikaletwa Kigoma kwa reli ile ile tuliyoitaja juu. Iliingia majini 1915 kama meli ya vita. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili adui asiipate. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Chombo kilicholetwa kwa vita, miaka mia baadaye kikatuokoa sisi tunaokimbia.

Ndiyo maana tunasema historia ya barabara na reli si ya mzigo peke yake. Njia iliyopeleka chumvi na nguo Bujumbura ndiyo iliyotuleta huku. Mlango ukifungwa, anayeumia kwanza ni maskini. Ukifunguliwa hata kidogo, mtu anapona.

Sasa kuna reli mpya inayotakiwa kutoka Uvinza hadi Musongati, ndani ya Burundi. Wakubwa wanazungumzia madini ya nikeli yatakayopita humo. Ni vizuri. Lakini sisi tunajiuliza pia kuhusu abiria. Siku moja, panapo amani, tutaweza kupanda treni hiyo kwa tiketi yetu wenyewe, mchana kweupe, tukaenda nyumbani kusalimia na kurudi?

Waulizeni wazee wenu: wao walipita njia gani, na walibeba nini mkononi? Mtuandikie, tukusanye kabla hawajasahau.