Wasiwasi, moyo kwenda mbio na kung'ata kucha: tiba za nyumbani zinazosaidia na zisizosaidia

Moyo unaenda mbio, viganja vinatoa jasho, tumbo linavurugika na usingizi hauji. Ukipima malaria, huna. Ukipima presha, iko sawa. Nyumbani wanasema una mawazo mengi, jirani anasema umerogwa, na muuza dawa wa mnadani ana chupa moja inayotibu yote kwa pamoja.

Hali hii inaitwa wasiwasi. Inawapata wanaume na wanawake, wavuvi na wakulima, wanafunzi na wazee. Haitokani na udhaifu wala uvivu. Makala hii inaeleza unachoweza kufanya nyumbani bila gharama, dawa za mitishamba zinafika wapi, na lini usisubiri tena bali uende hospitali.

Wasiwasi ni nini?

Hofu ni kengele ya mwili. Mvuvi akiona wingu zito na upepo umeanza kugeuka, moyo humwenda mbio na mikono hupata nguvu ya kupiga kasia kurudi mwaloni. Kengele hiyo inaokoa maisha.

Tatizo linaanza pale kengele inapolia wakati wingu halipo, au inapolia wiki hadi wiki bila kunyamaza, mpaka mtu anashindwa kulala, kula, kufanya kazi au kusafiri. Hapo ndipo hofu imegeuka kuwa ugonjwa wa wasiwasi.

Kandokando ya Ziwa Victoria sababu za hofu zipo na zinajulikana. Meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya watu walikufa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara, wilayani Ukerewe, na zaidi ya watu 200 walipoteza maisha. Wapo walionusurika au kufiwa ambao hadi leo wakisikia injini ya boti hutetemeka. Ongeza mikopo ya kausha damu, ziwa lisilotoa samaki, bei ya pamba isiyotabirika na mgonjwa ndani ya nyumba, utaona kwa nini watu wengi wanakesha wakiwaza.

Kwanza, pima mwili

Yako magonjwa yanayofanana na wasiwasi. Upungufu wa damu hufanya moyo uende mbio. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta kutetemeka, jasho na kukonda. Sukari ikishuka, mtu hutetemeka na kuogopa. Baadhi ya dawa za pumu huharakisha mapigo ya moyo. Kwa hiyo kama hali hii ni mpya kwako, anzia zahanati. Mweleze mhudumu dawa zote unazotumia, za hospitali na za kienyeji, bila kuficha.

Kama uko kwenye dawa za muda mrefu, mfano ARV, na unaona zinakunyima usingizi, usiziache. Rudi kliniki uwaeleze. Wanaweza kubadili saa ya kumeza au dawa yenyewe.

Mambo yanayosaidia

*Kupumua taratibu.* Kaa chini, legeza mabega. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, tumbo lijae. Toa pumzi polepole ukihesabu hadi 6. Endelea kwa dakika tano. Pumzi ndefu ya kutoka nje hupunguza kasi ya moyo. Fanya asubuhi na jioni hata ukiwa mzima, ili siku hofu ikija mwili uwe umeshazoea.

*Kutembea.* Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Kulima na kuvuta nyavu nako kunahesabika. Wanaokaa kutwa, kama mafundi cherehani, wauza duka na madereva wa bodaboda, ndio wanaohitaji zaidi kutembea kwa haraka. Usichague kuogelea ziwani: maji ya ufukweni yana kichocho, na sehemu nyingine zina mamba.

*Usingizi wa saa moja.* Amka na ulale muda uleule kila siku. Kwa wavuvi wa dagaa ni vigumu, maana kazi iko usiku wa giza, na mwezi ukijaa ndipo wanapumzika. Katika siku za giza, lala mara tu unapomaliza kazi asubuhi, chumba kiwe na giza, simu ikae mbali, na muda huo usibadilike. Mwambie mwenzi na majirani kwamba saa hizo ni usiku wako.

*Kupunguza vichangamsho.* Kahawa, chai ya rangi nzito na vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini, ambayo huleta moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka. Saa tano hivi baada ya kunywa, karibu nusu yake bado imo mwilini. Anayetafuna kahawa kavu, kama ilivyo desturi kwa ndugu zetu wa Kagera, anakula kafeini pia. Jaribu kuacha vyote kuanzia saa nane mchana kwa wiki mbili uone tofauti. Sigara na mirungi nazo huongeza wasiwasi, na mirungi ni kosa kisheria.

*Pombe.* Pombe hutuliza kwa saa chache, kisha wasiwasi hurudi ukiwa mkubwa zaidi alfajiri. Lakini kama unakunywa sana kila siku na ukikosa unatetemeka, usiache ghafla ukiwa peke yako. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Pata msaada wa kituo cha afya.

*Saa ya mawazo.* Panga dakika ishirini kila siku, kwa mfano saa kumi na moja jioni, mbali na kitanda. Mawazo yakija saa nyingine, yaandike au yaweke moyoni, yangoje muda wake. Saa ikifika, yafikirie yote, kisha simama ukafanye kazi nyingine. Siku za kwanza ni ngumu, baadaye akili huzoea.

*Tatizo moja kwa wakati.* Nchini Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda na wenzake waliwafundisha bibi wa mitaani jijini Harare kuwasikiliza watu wenye kile ambacho Washona wanakiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mazungumzo hufanyika kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573 katika zahanati 24, ulionyesha kwamba waliozungumza na bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Njia yao ni nyepesi. Taja matatizo yako yote. Chagua moja. Orodhesha yanayoweza kufanyika. Chagua hatua moja ndogo, uitekeleze wiki hii, kisha urudi kumweleza aliyekusikiliza. Kwa mfano, deni lote haliwezi kuisha wiki hii, lakini unaweza kukaa na karatasi, ukaandika nani anakudai na kiasi gani, kisha ukaenda kwa mmoja kuomba mpango wa kulipa. Shangazi, mzee wa mtaa au mwenzako wa kikundi anaweza kuwa msikilizaji wako, mradi anatunza siri.

Kinachokuza wasiwasi: kukimbia

Jambo hili halisemwi sana, nalo ndilo kubwa. Kila unapokimbia kitu usichopaswa kukiogopa, unapata nafuu siku hiyo, lakini hofu inakua. Anayeogopa kivuko akiacha safari moja, safari ya pili humshinda zaidi, na mwisho haendi kuuza, haendi kliniki, haendi msibani.

Tiba ni kukikaribia kidogokidogo. Siku za kwanza, simama gatini utazame vyombo vikiondoka. Ukizoea, panda kivuko kikiwa kimefungwa ukae mpaka moyo utulie. Kisha safiri umbali mfupi na mtu unayemwamini. Rudia hatua moja mara nyingi kabla ya kwenda nyingine, na usishuke hofu ikiwa juu kabisa. Ngoja ipungue.

Hii si kusema upuuze hatari. Chombo kilichojaza kupita kiasi, ziwa lililochafuka au kukosa jaketi la kuokolea maisha ni wingu la kweli. Hapo sikiliza kengele na usipande.

Mitishamba je?

Chai ya mchaichai au tangawizi haina shida kwa watu wengi, na kukaa kimya ukinywa kitu cha moto jioni kunatuliza. Lakini watafiti wa Brazil walipowapima watu miaka ya 1980, hawakuona kwamba chai ya mchaichai yenyewe inaondoa wasiwasi au kuleta usingizi. Inywe kama kiburudisho, hasa badala ya kahawa, usiitegemee kama dawa.

Jihadhari na chupa zisizo na jina wala kipimo. Mizizi mingine hudhuru ini na figo, na mingine hugongana na dawa za presha, kisukari, kifafa au ARV. Mjamzito asitumie bila kuuliza. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002, waganga wa tiba asili wanapaswa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Una haki ya kuuliza cheti. Anayekuambia uache dawa za hospitali, mkimbie.

Vilevile usinunue vidonge vya usingizi kama diazepam bila cheti cha daktari. Vinaleta uraibu, na vikichanganywa na pombe vinaweza kuzima pumzi.

Kung'ata kucha na tabia nyingine

Kung'ata kucha, kuchuna ngozi, kung'oa nywele au kutikisa mguu bila kukoma ni tabia zinazoambatana na wasiwasi. Kung'ata kucha pia huingiza mayai ya minyoo mdomoni. Kumchapa mtoto au kumpaka pilipili vidoleni humwongezea hofu.

Njia iliyoelezwa na wanasaikolojia wa Marekani, Azrin na Nunn, mwaka 1973 bado inatumika. Kwanza, tambua ni lini unafanya: ukisubiri, ukiwaza, ukitazama simu? Pili, mkono ukianza kwenda mdomoni, fanya kitendo kingine kinachouzuia: funga ngumi kwa dakika moja au shika kitu kama kokoto. Tatu, omba mtu wa nyumbani akukumbushe kwa upole na akupongeze. Kata kucha ziwe fupi.

Lini uende hospitali

Usisubiri kama wasiwasi umekuzuia kazi au shule kwa wiki kadhaa, kama unakunywa ili uweze kulala, au kama maumivu ya kifua yanakuja na kukosa pumzi.

Ukiwa na mawazo ya kujiua, mwambie mtu leo, na uende kituo cha afya leo. Wanafamilia, msimwache peke yake, na muondoe nyumbani viuatilifu vya pamba na sumu nyingine.

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wanaweza kukupa rufaa kwenda Hospitali ya Mkoa ya Sekou Toure au Hospitali ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza, ambako wako wataalamu wa afya ya akili. Kwa ushauri wa afya, piga bure namba 199 ya Wizara ya Afya. Kwa jambo linalomhusu mtoto, piga bure 116.