Tarihi ya Prometazini: Kutoka Mzio hadi Utafiti wa Kiharusi

Miongoni mwa dawa ambazo aghalabu hazikosekani dukani kwa mfamasia ni prometazini, ambayo watu hupewa kwa ajili ya mzio, kichefuchefu na muwasho unaomnyima mtu usingizi. Lakini ni wachache wanaojua kwamba dawa hiyo, iliyozaliwa Ufaransa katika miaka ya 1940, ina tarihi ndefu iliyoifikisha hata kwa wataalamu wanaotafuta namna ya kuunusuru ubongo uliopatwa na kiharusi.

Asili ya kadhia hii ni histamini, kemikali ya mwili inayochochea dalili za mzio, ambayo athari zake mwilini zilielezwa mwaka 1910 na Henry Dale na Patrick Laidlaw huko Uingereza. Mwaka 1937, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, Daniel Bovet na mwanafunzi wake Anne-Marie Staub waliwapa simbilisi histamini kwa kipimo cha kuua, kinachokaza njia za pumzi hata mnyama akafa kwa kukosa hewa. Na kila walipotanguliza kemikali waliyoiteua, mnyama alisalimika. Kemikali ile ilikuwa na sumu mno, haikumfaa binadamu, walakini njia ya kuizuia histamini ilikuwa imekwisha kuonekana, na mwaka 1957 Bovet akatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Wanakemia wa kampuni ya Rhône-Poulenc wakaifuata njia hiyo, na kwa kazi ya Paul Charpentier ikapatikana prometazini. Haikuchukua muda ikadhihirika kuwa inaleta usingizi. Wengi waliihesabu tabia hiyo kuwa ni ila. Henri Laborit, daktari mpasuaji wa jeshi la majini aliyekuwa akitumikia Bizerte, Tunisia, aliiona kuwa ni neema, kwani wagonjwa wake walioipata walikuwa watulivu, wamepungukiwa na hofu ya kisu. Kwa kutafuta dawa itakayotuliza zaidi, Charpentier akaunda klopromazini mwezi Desemba 1950, na mwaka 1952 madaktari wa maradhi ya akili Jean Delay na Pierre Deniker wakaitumia katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris, matibabu ya maradhi ya akili yakageuka ulimwenguni kote.

Ikapita zaidi ya nusu karne tangu uchunguzi wa Bovet, ndipo prometazini ikaingia katika utafiti wa kiharusi. Damu inapokatika ubongoni, seli hukosa oksijeni na sukari, na mitokondria, ambazo ndizo zinazoipatia seli nguvu, utando wake hupoteza uwezo wa kuzuia vitu kupita ovyo, na seli ikafa. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba walipima dawa na kemikali 1,040 ili kujua ni zipi zinazochelewesha uharibifu huo, wakapata 28 zenye maumbo ya kushabihiana. Katika jamii hiyo waliijaribu prometazini kwa panya ambao mshipa wa ubongo ulizibwa, kisha ukafunguliwa damu ipite tena. Na panya waliopewa dawa, sehemu ya ubongo iliyokufa ilikuwa ndogo, na ulemavu wao ukawa hafifu.

Habari hiyo ni ya kutia moyo, ila insafu yatulazimu tuipime. Dawa iitwayo NXY-059 nayo iliwafaa wanyama, hata jaribio la kwanza kwa wagonjwa likaleta matumaini. Jaribio kubwa lililofuata, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2007, likaonyesha kuwa haina faida. Prometazini yenyewe haijathibitishwa kuwa tiba ya kiharusi kwa wanadamu, na ina madhara yake: haipewi mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa kuwa yaweza kuzuia pumzi zake.

Basi, msomaji, umwonapo mtu mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, au maneno hayatamkiki, usimtafutie kidonge cha mzio, ambacho kitamlaza tu na kuzificha dalili. Mkimbize hospitali saa ile ile, kwa maana dawa ya kuyeyusha bonge la damu hufaa katika saa chache za mwanzo tu, na saa hizo zikipita hazirudi.