Kwa nini Grogan tunaamini kitu kuukuu kuliko kipya

Wasee, mwaka jana nilinunua breki pedi mpya kabisa mjini, ndani ya boksi safi. Wiki tatu baadaye nateremka kuelekea Kangemi na Vitz ya mamangu, nakanyaga breki, harufu ya kuungua inapanda, gari halisimami. Tulibakisha kama futi moja kugonga matatu. Mamangu alikuwa kando yangu. Hakusema kitu, alishika tu dashibodi.

Fundi alipofungua gurudumu, pedi ilikuwa imebanduka kwenye chuma chake. Akacheka: "Kijana, si ungetafuta ex-Japan?"

Hapo ndipo nikajiuliza: tulifikaje mahali kitu kilichotumika na mtu mwingine kinaaminika kuliko kipya?

Ukitoka River Road ukiteremka mtoni unafika Kirinyaga Road. Wakati wa ukoloni iliitwa Grogan Road, jina la Ewart Grogan, mlowezi ambaye mwaka 1907 aliwachapa Waafrika viboko hadharani Nairobi, mbele ya mahakama. Baada ya uhuru barabara ikabadilishwa jina, lakini sisi bado tunasema "naenda Grogan" tukitafuta spea.

Miaka ya 70 serikali ilitaka magari yaunganishwe hapa nyumbani: Thika, Nairobi na Mombasa. Aina zilikuwa chache. Wazee wetu walijua Peugeot 504, na fundi aliijua kwa kichwa. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 90 soko likafunguliwa, magari yaliyotumika Japani yakamiminika Mombasa. Leo sheria inakataa gari lenye zaidi ya miaka 8, lakini likishaingia, tunaliendesha mpaka lichoke.

Sasa fikiria: modeli kibao, zote zinahitaji vipuri, na mfuko wa mwananchi ni ule ule. Hapo feki zikapata mlango. Bunge lilipitisha sheria ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008, lakini boksi bado linadanganya. Ndiyo maana watu wakakimbilia ex-Japan: angalau ilitoka kwenye gari lililokuwa likitembea.

Maoni yangu? Hiyo akili ni sawa kwa mlango, taa, bampa, hata saidi mira (omba tu isiwe yako mwenyewe iliyong'olewa jana). Kwa breki, hapana. Pedi imeumbwa iishe. Ukinunua iliyotumika, unanunua mabaki ya mtu, na hujui ilishachomwa na joto kiasi gani. Tena breki za mbele ndizo hubeba kazi kubwa, kwa sababu ukikanyaga, sehemu ya uzito wa gari inahamia mbele.

Kwa hivyo, ukienda Grogan, beba ile ya zamani kama sampo na namba ya chesisi, si jina la gari pekee. Vitz mbili zinaweza kuwa na pedi tofauti. Dai risiti yenye jina la duka. Bei ikiwa nusu ya maduka mengine yote, jiulize nani atalipa hiyo nusu nyingine.

Mimi karibu nimlipishe mamangu. Siku hizi akipanda gari huuliza kwanza, "Breki ulinunua wapi?" Na ana haki.