Uyoga na saratani: nini kimethibitishwa, nini hakipaswi kungojwa

Kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Kisumu hadi Siaya na Homa Bay, uyoga ni chakula cha tangu jadi. Waluo huuita obuolo, na mvua zikianza hutafutwa hasa ule unaoota penye vichuguu vya mchwa. Lakini siku hizi kuna uyoga mwingine unaouzwa mkono kwa mkono mijini, ukiwa vidonge au kahawa ya pakiti, na baadhi ya wauzaji huwaambia wagonjwa kwamba unaponya saratani. Huku kwetu Pwani maneno hayo tunayasikia pia. Ni vyema basi tujue ukweli wake unaanzia wapi na unaishia wapi.

Uyoga wenyewe

Unaotajwa zaidi ni Ganoderma, ambao Wachina huuita lingzhi na Wajapani reishi. Ni mgumu kama ubao, mchungu, na juu unang'aa kana kwamba umepakwa vanishi. Huota kwenye mashina na magogo ya miti, na jamaa zake wanapatikana Kenya pia. Wengine wanaotajwa ni shiitake, ambao huliwa, na Trametes versicolor, mwembamba wenye mistari ya rangi, unaoota kwenye magogo yaliyokufa.

Ndani yake mna nini?

Watafiti wameshughulika zaidi na makundi mawili ya kemikali. La kwanza ni beta-glukani, minyororo mirefu ya sukari iliyo kwenye kuta za seli za uyoga. Askari wa kinga ya mwili wetu wana vipokezi vya kuitambua, na wakiigusa huamka kana kwamba adui ameingia. Kwa hiyo beta-glukani haiui saratani yenyewe. Huichochea kinga ya mwili.

Kundi la pili ni triterpeni, zinazoupa Ganoderma uchungu wake. Katika maabara, zimezuia seli za saratani kugawanyika, na nyingine zimeziua. Lakini vitu vingi huua seli zikiwa kwenye kisahani cha maabara, hata chumvi ikizidi. Ndani ya mwili, dawa lazima ivuke tumbo, ini na damu, ifike kwenye uvimbe ikiwa na nguvu ya kutosha, na isimdhuru mgonjwa. Hapo ndipo nyingi hushindwa.

Majaribio kwa binadamu

Japani ndiyo iliyofika mbali. Mwaka 1969 watafiti wakiongozwa na Goro Chihara walieleza kuhusu lentinani, beta-glukani iliyotolewa kwenye shiitake. Baadaye iliidhinishwa huko kwa saratani ya tumbo, lakini hudungwa mshipani, tena pamoja na tibakemikali. Dawa nyingine, Krestin, inayotokana na Trametes, iliidhinishwa mwaka 1977, nayo ikatumiwa kusaidia matibabu mengine, si kuchukua nafasi yake.

Kuhusu Ganoderma, mapitio ya Cochrane ya mwaka 2016 yalikusanya majaribio 5 yenye wagonjwa 373. Waliopewa uyoga huo pamoja na tibakemikali au mionzi walielekea kuitikia matibabu vizuri zaidi. Ulipotumiwa peke yake haukuleta matokeo hayo. Majaribio yenyewe yalikuwa madogo na yenye kasoro, na hayakuonyesha kama unarefusha maisha. Waandishi wake walisema hakuna ushahidi wa kutosha kuufanya tiba ya kwanza ya saratani.

Kwa nini Kisumu ijali zaidi

Ukanda huu wa ziwa una saratani ya watoto inayojulikana duniani kote kwa jina la Burkitt. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliieleza mwaka 1958. Huonekana hasa mahali penye malaria nyingi, na mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa kutokana na vipande vya uvimbe huo vilivyopelekwa London kutoka Uganda.

Dalili zake ni taya kuvimba, meno kulegea, jicho kutokeza au tumbo kujaa. Seli zake zaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Wiki tatu za kujaribu unga wa uyoga ni muda mrefu mno kwa mtoto huyo. Na inasikitisha zaidi kwa sababu ugonjwa huu ukiwahiwa huitikia dawa vizuri, na watoto wengi hupona.

Mojawapo ya dawa hizo, vinkristini, inatokana na mmea. Ni lile ua la Madagaska la waridi au jeupe ambalo sisi wa Pwani twalifahamu, hujiotea mchangani mbele ya nyumba. Hakuna anayemtafunisha mtoto majani yake, kwani ni sumu. Kemikali ilitolewa, ikapimwa, ikawekewa kipimo. Uyoga nao ukitaka kuitwa dawa lazima upite njia hiyo hiyo.

Kwa mgonjwa na familia

Uyoga wa kuliwa ni chakula kizuri, na mgonjwa hakatazwi kuula daktari asipomzuia. Anayetumia vidonge vya Ganoderma amweleze daktari wake, hasa kabla ya upasuaji au kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, maana waweza kuongeza hatari ya kutokwa damu. Wapo pia watumiaji walioripotiwa kuumia ini. Wa porini usiojulikana usichumwe kabisa: sumu ya baadhi ya uyoga haiondoki hata ukichemshwa.

Mtoto akivimba taya, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo na familia iombe rufaa. Kwa wa Kisumu, hospitali kubwa ya rufaa ni Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado huiita Russia. Na muuzaji akija na pakiti yake, aulizwe swali moja: ni wagonjwa gani waliopona kwa hii peke yake, na nani aliyewapima?