Sekunde chache za mashine ya kusaga

Kabla nguzo za umeme hazijafika vijijini huku Butiama na Bunda, mahindi yalisagwa kwa injini za dizeli. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulianza kazi mwaka 2007, na umeme ulipofika, wenye mashine wengi wakahamia kwenye mota. Hapo majirani wakaanza kuona jambo jipya: mashine ikiwashwa, taa zinafifia sekunde chache, halafu zinarudi.

Kwa nini? Mota ikizunguka hutengeneza volti zake za kupinga zile zinazoingia. Ikiwa imesimama haina upinzani huo, kwa hiyo umeme unaingia kwa fujo. Mota ya kilowati 22 kwenye volti 400 hula kama ampia 42 ikiwa kazini. Ikianza hudai karibu mara sita: ampia 250. Transfoma ndogo ya kijiji lazima ilie.

Dawa ya zamani ni sta-delta, na mafundi wetu bado wanaifunga kila siku. Unaunganisha nyaya za mota kwa namna inayoshusha umeme hadi theluthi, ikishika kasi unairudisha kwenye muungano wa kawaida. Ampia 250 zinakuwa 83 hivi. Ila nguvu ya kuzungusha nayo inashuka hadi theluthi! Ndiyo maana msagaji huwasha kwanza, akasikiliza mlio, kisha ndipo anamwaga mahindi. Mimi nilidhani ni mazoea tu. Kumbe ni fizikia.

Mwaka 1957 kampuni ya General Electric ya Marekani ilitengeneza thairista, swichi ya silikoni isiyo na kitu kinachosogea. Miaka ya 1980 ikaingia sokoni transista iitwayo IGBT, inayoweza kuwaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, na inveta za mota zikabadilika kabisa.

Inveta hailibebi lile fumuko la umeme, inalizuia lisitokee. Inageuza umeme wa gridi kuwa mkondo mnyoofu, inaweka akiba ndogo kwenye kapasita, kisha inaukatakata kutengeneza mawimbi mapya: machache kwanza, labda 3 kwa sekunde, yakipanda taratibu hadi 50. Mota inaondoka na nguvu yake yote bila kudai ampia 250. Treni za SGR zilizoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024 huondoka stesheni kwa kanuni hiyohiyo.

Tatizo linakuja mahindi yakijaa na mashine ikataka kukwama. Shaba ya mota ni nzito, inapata moto polepole, inaweza kuvumilia mara sita kwa sekunde kadhaa. Kipande cha silikoni ni kidogo kama ukucha. Kwenye shoti kamili, IGBT nyingi huvumilia kama sehemu 10 za milioni za sekunde, basi. Kwa hiyo inveta hupima umeme muda wote na hujizima yenyewe kabla haijaungua.

Watengenezaji huipa kila inveta viwango viwili. Cha kazi nzito kwa kawaida huruhusu asilimia 150 kwa dakika moja, kisha ipoe dakika kadhaa. Cha pampu na feni huruhusu asilimia 110 tu. Kwenye kibao, kilowati kubwa zaidi ni za pampu, na ndizo muuzaji hukutajia dukani. Mwenye mashine akinunua kwa namba hiyo, inveta itamzimikia kila gunia likimwagwa kwa haraka, naye atalaumu umeme.