Namna Kampala ilivyojifunza kujitafuta mtandaoni

Juni 2005, Google ilipowafungulia wenye tovuti huduma mpya iliyoitwa Google Sitemaps, Kampala ilikuwa bado inapata intaneti yake kwa setilaiti. Mkongo wa baharini wa kuiunganisha Afrika Mashariki na dunia haukuwa umefika. Ofisi zenye muunganisho zililipa fedha nyingi kwa kasi ndogo, na watu wengine walikwenda kwenye intaneti kafe za Kampala Road na Wandegeya, wakalipia kwa dakika. Katika mji wa namna hiyo, huduma ya kumwonyesha mtu jinsi mtambo wa utafutaji unavyoisoma tovuti yake ilionekana kuwa ya watu wa mbali. Haikupita miaka kumi kabla ya kuwapo makampuni Kampala ambayo mauzo yake yaliitegemea.

Chombo hicho kimebadili majina. Agosti 2006 kiliitwa Google Webmaster Tools, na Mei 2015 kikawa Google Search Console. Historia yake huandikwa kama historia ya wahandisi wa California. Mimi naona inastahili kuandikwa kutoka Kampala pia, kwa kuwa ndani ya grafu zake zimepita kumbukumbu za namna dunia ilivyoutafuta mji huu na namna watu wa mji huu walivyoutafuta wao wenyewe.

Kwa Kampala, mwanzo wa historia hiyo ni mlimani Makerere. Mapema katika miaka ya 1990, Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Makerere ilikuwa na mtambo wa barua pepe ulioitwa MUKLA. Barua zilikusanywa kwenye kompyuta, kisha modemu ikapiga simu na kuzituma zote kwa mkupuo, na wakati huohuo ikapokea zilizokuwa zinasubiri upande wa pili. Aliyekuwa nguzo ya kazi ile, Charles Musisi, ndiye aliyesimamia pia kuanzishwa kwa anwani za .ug Machi 1995, ambazo kwa miaka mingi zilisimamiwa na kampuni ya Computer Frontiers International. Tovuti za Uganda wakati huo zilikuwa chache kiasi kwamba hapakuwa na haja ya kuzitafuta. Anwani uliambiwa na mtu, au uliisoma kwenye kadi ya biashara iliyochapwa Nasser Road.

Mwaka uliobadili mambo ni 2009. Julai 23, mkongo wa SEACOM ulianza kazi katika pwani ya Afrika Mashariki, na Uganda, nchi isiyo na bahari, ikaanza kuvuta intaneti ya mkongo kupitia Kenya. Jambo hilo hutajwa mara nyingi. Lililosahaulika ni kwamba mwezi mmoja kabla, Juni 2009, Google ilikuwa imezindua Uganda huduma ya kutafuta kwa meseji, ikishirikiana na MTN Uganda na Grameen Foundation. Mtu mwenye simu ya kawaida, asiye na intaneti kabisa, aliandika swali lake kuhusu kilimo au afya, akalituma, na jibu likarudi kwa meseji. Kulikuwa pia na Google Trader, soko la meseji ambamo mwenye mahindi alimtafuta mnunuzi.

Mtu aliyekuwa anataka kujua Waganda wanatafuta nini, jibu lilikuwa limeanza kupatikana mle. Walitafuta dawa, mbegu, bei na wanunuzi. Lakini tovuti za Kampala za miaka ile, hasa za ofisi za umma na mashirika, ziliandikwa kama mabango: picha ya mkurugenzi, dira, dhamira, basi. Hakuna aliyekuwa anauliza swali ambalo ukurasa wa namna hiyo ungelijibu. Hadi leo tovuti za aina hii zipo tele, na wenyewe hulalamika kwamba Google haiwaoni.

Walioelewa mapema ni watu wa utalii, na sababu yake iko kwenye bei. Kibali cha kuwaona gorila wa milimani katika Bwindi au Mgahinga hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, na bei yake imepangwa. Kila familia ya gorila hutembelewa na watu wasiozidi 8 kwa siku, kwa saa moja. Kampuni yenye jengo Kololo na kampuni yenye dawati moja na gari la kukodi zinauza kibali kilekile kwa gharama ileile. Msituni, gorila ni walewale. Ushindani ukahamia mahali pengine: ni nani anayetokea kwanza pale Mjerumani au Mmarekani anapoandika swali lake usiku, akiwa nyumbani kwao, miezi kadhaa kabla ya safari.

Kwa watu hao, Webmaster Tools ilikuwa kitu cha kila siku. Kwanza ulithibitisha kwamba tovuti ni yako, kwa kuweka ndani yake faili dogo ulilopewa na Google, au mstari mmoja wa maandishi katika mipangilio ya kikoa. (Hapa wengi hukwama mpaka leo, kwa sababu kijana aliyejenga tovuti ndiye mwenye nywila, na keshahamia kazi nyingine.) Kisha ulipeleka ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zako zote, na baada ya siku kadhaa ukaanza kuona zipi zimesomwa, zipi zimekataliwa, na watu waliandika maneno gani hadi wakakuona.

Kuanzia 2007 kulikuwa pia na sehemu ya kuieleza Google tovuti yako inalenga nchi gani. Sehemu hiyo ndogo ilikuwa na uzito mkubwa kwa Kampala. Tovuti ya .ug ilihesabiwa moja kwa moja kuwa ya Uganda, wala mwenyewe hakuweza kuigeuza. Tovuti ya .com ungeweza kuielekeza Marekani au Uingereza, waliko wateja. Hiyo ni mojawapo ya sababu za kuona kampuni za safari, zenye ofisi Kampala na madereva wa Kampala, zikijitangaza kwa anwani za .com. Nasikitika kidogo kwa hilo, maana .ug ilianza mapema na ingestahili kubeba jina la nchi mbele ya wageni, lakini siwezi kumlaumu mfanyabiashara aliyefuata wateja wake. Google iliifuta sehemu hiyo mwaka 2022.

Palikuwa na njia za mkato pia. Tovuti za utalii duniani kote zilikuwa zikibadilishana viungo: niweke kwako, nikuweke kwangu, hata kama kurasa hazihusiani. Aprili 24, 2012 Google ilitoa badiliko lililopewa jina la Penguin, na tovuti zilizojijenga kwa viungo vya kununua na kubadilishana zikashushwa. Google ilikuwa pia ikituma maonyo ya viungo visivyo vya asili ndani ya Webmaster Tools, na aliyekuwa haifungui hakujua lililompata. Aliona tu simu zimeacha kulia.

Pigo lingine lilikuja polepole. Oktoba 2011 Google ilianza kuficha maneno ya utafutaji yasionekane kwenye programu za kuhesabu wageni wa tovuti, na kufikia mwishoni mwa 2013 karibu yote yalikuwa yamefichwa. Tangu hapo, mwenye tovuti aliyetaka kujua watu wameandika nini Google kabla ya kumfikia, aliyapata maneno hayo ndani ya Webmaster Tools, nayo ilimwonyesha siku 90 tu za nyuma. Badiliko jingine lilikuja Aprili 21, 2015, Google ilipoanza kuzipa nafasi bora kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu. Uganda ni nchi ya watu wanaoingia mtandaoni kwa simu, kwa bando la siku. Tovuti nyingi za Kampala zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya skrini ya mezani, zenye picha nzito zinazokula bando kabla hujasoma neno.

Wakati huo Google yenyewe ilikuwa imeshachimba mitaa ya Kampala. Novemba 2013 ilitangaza Project Link, mtandao wa nyuzi ambao makampuni ya intaneti ya hapa yangeutumia kwa pamoja, na Kampala ndiyo ilikuwa ya kwanza. Nyuzi hizo zilifika zaidi ya kilomita 800 katika Kampala na Entebbe. Mwaka 2017 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa kampuni mpya, CSquared.

Tukirudi kwenye gorila, Mei 2017 Rwanda ilipandisha kibali chake cha gorila kutoka dola 750 hadi 1,500 kwa siku moja. Cha Uganda kilikuwa dola 600. Makampuni ya Kampala yaliandika kurasa za kulinganisha bei hizo mbili, kwa kuwa hilo ndilo swali ambalo msafiri alilazimika kujiuliza. Huo ni utafutaji uliofanya kazi inavyotakiwa: kuna swali la kweli, kuna jibu la kweli, na aliyelijibu vizuri akapata mteja.

Machi 2020 uwanja wa Entebbe ulifungwa kwa wasafiri kwa sababu ya korona, haukufunguliwa hadi Oktoba 1. Kwa mtu anayejua kusoma ripoti ya Search Console, kipindi kile kilikuwa somo gumu. Ripoti hiyo ina namba nne: mara ngapi ukurasa wako ulionekana kwenye matokeo, mara ngapi ulibofywa, uwiano wa hizo mbili, na nafasi yako kwa wastani. Ikiwa nafasi yako imeshuka, tovuti yako huenda ina tatizo au mwenzako amekupita. Ikiwa nafasi ni ileile lakini kuonekana kumeporomoka, watu wameacha kuuliza. Mwaka 2020 watu waliacha kuuliza. Aliyeijua tofauti hiyo hakupoteza fedha zake chache kumlipa mtu wa kutengeneza tovuti ambayo haikuwa imeharibika.

Kisha ikaja Januari 2021. Uchaguzi mkuu ulikuwa Alhamisi tarehe 14. Siku mbili kabla, mitandao ya kijamii ilifungwa, na Jumatano jioni ya tarehe 13 intaneti ya nchi nzima ikazimwa. Ilirudi tarehe 18.

Tazama siku zile kwenye grafu ya tovuti ya habari ya Kampala. Search Console huhesabu siku kwa saa za California, ambazo mwezi Januari ziko nyuma ya Kampala kwa saa 11. Siku yake ya tarehe 13 ilianza Kampala ikiwa saa tano asubuhi, ikaisha saa tano asubuhi ya tarehe 14, watu wakiwa kwenye foleni za kura. Kwa hiyo pengo linaanzia kwenye namba ya tarehe 13, na mtu asiyejua hesabu hiyo angedhani intaneti ilikatwa mapema zaidi siku hiyo. Ukichuja kwa nchi, mstari wa Uganda unalala chini karibu na sifuri. Mstari wa Marekani na ule wa Uingereza haulali, kwa kuwa jamaa wa Waltham, Massachusetts, na wa London walikuwa wanatafuta habari za nyumbani ambazo watu wa nyumbani wenyewe hawakuweza kuzitafuta. Ilimradi tovuti ilikuwa kwenye seva ya nje, mtambo wa Google uliendelea kuisoma. Iliyokuwa kwenye seva ya Kampala haikufikika. Na wahariri, waliokuwa Kampala, hawakuweza kuiona grafu yenyewe mpaka tarehe 18.

Facebook haikufunguliwa pamoja na mitandao mingine. Tovuti zilizokuwa zinapata wasomaji kupitia ukurasa wa Facebook zililazimika kugeukia utafutaji, zikiwa tayari zimepitia miaka miwili na nusu ya kodi ya OTT, ambayo tangu Julai 1, 2018 ilimtoza mtumiaji shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii.

Linaloniumiza katika historia hii ni kwamba inafutika. Tangu toleo jipya la mwaka 2018, Search Console huhifadhi takwimu za miezi 16. Kabla ya hapo zilikuwa siku 90, kwa hiyo ni nafuu. Hata hivyo, pengo la Januari 2021 lilitoweka kwenye chombo hicho Mei 2022. Mwenye tovuti anayelitafuta leo halipati, isipokuwa awe alilihifadhi mwenyewe. Mwaka wa kufungwa kwa Entebbe nao umekwenda, na msimu wa 2017 wa bei za vibali pia.

Kuna ambayo hayakuonekana hata wakati wake. Ili kulinda faragha, Google haionyeshi maneno yaliyotafutwa na watu wachache mno. Kwa Kiingereza, swali moja kuhusu Kampala huandikwa na maelfu. Kwa Luganda au Runyankore, swali hilohilo linaweza kuandikwa na watu kumi, kila mmoja kwa tahajia yake, nalo halitokei kwenye orodha. Mibofyo inahesabiwa kwenye jumla, maneno hayaonekani. Mwandishi wa Kampala akitazama orodha hiyo peke yake ataamini kwamba hakuna anayetafuta kwa Luganda, aache kuandika kwa Luganda, na mwaka unaofuata orodha itakuwa tupu zaidi. Luganda iliingizwa katika Google Translate Mei 2022. Inahitaji pia watu wa kuiandikia kurasa bila kungoja grafu iwape ruhusa.

Kwa hiyo nawaomba wenye tovuti wa Kampala, wakubwa kwa wadogo, jambo ambalo halina gharama. Kila mwisho wa mwezi fungua ripoti ya utendaji, pakua takwimu zako, zihifadhi kwenye faili lenye jina la mwezi na mwaka. Ukipakua hapohapo kwenye ripoti utapata mistari 1,000 ya maneno, nayo kwa tovuti nyingi za hapa inatosha. Pembeni andika kilichotokea mwezi huo nchini: uchaguzi, kodi mpya, ugonjwa, mafuriko, bei ya kibali. Na nywila ya akaunti hiyo iwe mikononi mwa mwenye tovuti.