Wabena wa Milimani na Mtumbwi wa Wandamba

Mito ya Njombe haichukui chombo. Ruhuji, upitao kandokando ya mji, huanza kuporomoka hapo hapo, na toka hapo mpaka uwandani mwendo wake mwingi ni wa kuruka mawe. Nchi ile i karibu meta 2,000 juu ya bahari. Bonde la Kilombero, ambalo Ruhuji hulimwagia maji yake, halifiki hata meta 400. Maji yashukayo kimo kama hicho hayampokei mtu na kafi lake. Kwa hiyo Mbena wa juu alikuwa mtu wa jembe, wa ng'ombe na wa mkuki. Mto kwake ulikuwa kitu cha kuvukwa upesi, na aliyeuvuka salama hakuwa na haja ya kuutazama tena.

Makambako nako ni mgongoni mwa nchi. Mvua inyeshayo magharibi yake huenda Usangu na kuingia Ruaha Mkuu; ile ya mashariki hushuka Kilombero; na yote hukutana tena mbali sana, katika Rufiji. Mtu akisimama juu ya mgongo huo haoni hata tone la maji la kumfundisha kuelea.

Hata hivyo, A. T. Culwick na mkewe G. M. Culwick walipochapisha London mwaka 1935 kitabu chao juu ya Wabena wa Ulanga, walikiita Ubena of the Rivers, yaani Ubena wa mitoni. Ni watu wale wale kwa asili na kwa lugha. Basi ilikuwaje hata taifa la milimani likapata jina la maji?

Sababu ya kwanza ni vita. Baadhi ya Wabena walikuwa wamekwisha kuteremka zamani kufuata ardhi na utawala, lakini katika karne ya 19 mambo yalikazana. Wangoni walikuwa kusini, na kaskazini Munyigumba, babaye Mkwawa, alikuwa akiwaunganisha Wahehe kuwa dola moja. Mtema Mtengera wa Wabena alipambana naye, akashindwa, naye na watu wake wakasukumwa ng'ambo ya Ruhuji mpaka bondeni. Munyigumba alifariki mwaka 1879, na mwanawe akawa mkali zaidi. Njia ya kurudi nyumbani ikazidi kuwa nyembamba.

Huko chini waliwakuta Wandamba. Hao hawakuwa na jeshi la kuogofya, wala dola kubwa. Walikuwa na samaki, mpunga, na mitumbwi. Wabena wakawa watawala wa nchi, na hapo ndipo penye jambo la kufikiri: nchi yenyewe, kwa sehemu kubwa ya mwaka, haikuwa nchi. Masika yakifika, Ruhuji, Mnyera na Mpanga huleta maji ya milima yote kwa pamoja, na uwanda hugeuka ziwa. Nyumba huwa visiwa, na njia iliyokuwa ya miguu mwezi uliopita sasa inapitwa na viboko. Mtawala asiyejua mtumbwi katika nchi ya namna hiyo ni mfungwa wa raia wake. Hawezi kukusanya kodi wala kupeleka mjumbe. Hata maziko ya jirani hawezi kuyahudhuria mpaka apatikane Mndamba wa kumvusha.

Basi aliyeshinda kwa mkuki ilimlazimu kuketi chini kama mtoto mbele ya aliyeshindwa.

Elimu hiyo si nyepesi kama inavyodhaniwa na aitazamaye kutoka ukingoni. Mtumbwi wa gogo moja ni mwembamba, hauna mbavu wala mkuku, na kinachouweka wima ni kiuno cha mtu. Mgeni hukosea kwa kukaza mwili. Akisikia chombo kinainama upande mmoja hujitupa upande wa pili, na hapo ndipo kinapopinduka. Shuleni kwake ni katikati ya chombo, kati ya wawili wajuao, na kazi yake ya kwanza ni kukaa na kufua maji. Baadaye hupewa upondo penye maji machache, mahali ambapo akianguka atasimama. Kafi huja nyuma ya hayo, na tezi mwisho kabisa, kwani mwenye kukaa tezi ndiye mwenye kuchagua njia, na roho za wenziwe zimo mkononi mwake. (Wasemao kasia kwa mitumbwi hii hukosea: kasia hufungwa ubavuni mwa chombo, kafi hushikwa mikononi, na mtu hutazama mbele aendako.)

Elimu ya namna hii haifundishwi kwa amri. Chombo hudai watu wawili au watatu wanaopatana, nao hujifunza vizuri zaidi wakiwa rika moja, wakichekana bila kuogopana. Yafaa kuamini kwamba watema hawakuwa wanafunzi wa kwanza, bali watoto: wa Kibena na wa Kindamba waliokulia ukingo mmoja. Kitabu cha 1935 kina sura ya historia iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe, na ni sura ya thamani kubwa. Lakini majina ambayo historia ya utawala huyahifadhi ni ya wenye kuwaongoza watu. Mndamba aliyekaa tezi siku ile Mbena wa kwanza alipokabidhiwa kafi hakuacha jina.

Yafaa kulinganisha na upande wa Ziwa Nyasa, ambako zamani wilaya ya Njombe ilifika kabla Ludewa haijawa wilaya peke yake. Huko nako milima husimama juu ya maji, na pwani yake wanakaa Wakisi, ambao wake zao ni wafinyanzi mashuhuri na vyungu vyao husafiri sokoni kwa mitumbwi. Wakinga wa juu walibadilishana nao vitu, walirudi kwao milimani, na walibaki wahunzi na wakulima. Soko halikuwalazimisha kujifunza. Waliolazimika ni wale wasiokuwa na mahali pa kurudi.

Kati ya miaka 1970 na 1975 ilijengwa reli ya TAZARA. Kipande chake kigumu kuliko vyote ni kile cha Mlimba hadi Makambako, chenye mahandaki mengi na daraja refu la mto Mpanga. Abiria aondokaye Makambako leo hushuka ukuta ule ule walioushuka watu wa Mtengera, ila yeye huushuka ameketi. Mbele zaidi, penye Ifakara, kivuko cha Kilombero kimepishwa na daraja kubwa lililofunguliwa mwaka 2018, na wengi wavukao hapo hawajapata kugusa kafi. Lakini daraja ni moja, na uwanda ni mpana. Masika yakizidi, maji hupita nyuma ya barabara na kuingia mashambani, na vijijini huulizwa tena ni nani katika vijana anayeweza kukaa tezi.